Siku ya Kulala Mchana kwa Mzee Mkadam

Tangu astaafu kazi ya mapokezi hotelini, Mzee Mkadam hakuwa tena na siku ya kawaida. Kila asubuhi simu yake ilimwambia kuwa leo duniani kunasherehekewa kitu fulani, na yeye aliiamini kuliko taarifa ya habari. Siku ya pweza alipika pweza wa nazi akagawa uchochoro mzima. Siku ya mwavuli alikwenda sokoni Darajani amefungua mwavuli, jua kali, wingu hakuna, akiwapa watu heri ya sikukuu. Siku ya paka alimwekea paka wa jirani sahani ya dagaa. Paka akaja na ukoo wake, na ukoo huo mpaka leo haujaondoka.

Majirani walicheka, na wakala. Asiyecheka alikuwa binti yake, Yusra, aliyeolewa Chukwani. Mama yake, Bi Mwatima, alifariki kabla ya Ramadhani. Hitma ya arobaini, kisomo cha Kurani cha kumwombea, ilisomwa shamba, kwa ndugu zake Makunduchi, na Mkadam hakwenda, alisingizia goti. Hapa mjini, katika nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi, Bi Mwatima hakusomewa hata juzuu moja.

"Baba, tumsomee mama nyumbani kwake. Lini?"

"Tutamsomea, mwanangu. Lakini si wiki hii. Kesho siku ya kofia."

Wiki ya pili kukawa na siku nyengine. Yusra akapunguza kuja, kisha hata simu za baba yake akawa hapokei. Jambo hilo lilimuuma Mkadam, tena sana. Lakini alijua hitma ikishasomwa nguo za Mwatima zitagaiwa, na nyumba itabaki ya mtu mmoja. Hakuwa tayari.

Ndipo simu ikatangaza siku ya kulala mchana. Mkadam aliona hii ndiyo aliyoumbiwa. Akaazima mikeka mikubwa ya msikitini, akaitandika sebuleni na kupanga mito ukutani. Akafukiza ubani ili kuua harufu ya paka. Akanunua halua, akaagiza kahawa. Majirani aliwaambia tu, "Njooni kwangu baada ya adhuhuri," maana alitaka kuona sura zao wakiambiwa walale.

Sasa, Unguja, mikeka ya msikitini ikishaingia nyumba ya mfiwa, na ubani ukanukia mpaka uchochoroni, nani tena wa kuuliza shughuli gani? Bi Sichana wa nyumba ya pili alimpigia Yusra papo hapo.

Adhuhuri ilipokwisha kusaliwa wanaume waliingia na kanzu zao na kofia zao, na jirani yake Talib mbele, amebeba sanduku la juzuu. Wanawake wakapanda ghorofani. Yusra alifika anahema, macho mekundu, akambusu baba yake mkono.

"Ahsante, baba. Mie nshakata tamaa."

Mkadam, na kikoi chake cha kulalia, alikuwa amesimama ameukumbatia mto.

Talib alianza kugawa juzuu. "Bwana Mkadam, tunamsomea Bi Mwatima peke yake, au na wazee wako waliotangulia?"

Neno moja tu la kweli lingetosha, na mtaa ungecheka mpaka Idi. Mkadam alitazama nyuso zilizokuwa zikimngoja. Alitazama ngazini, alikosimama Yusra.

"Peke yake," alisema. Kisha akasema jambo ambalo tangu siku ya maziko halikuwahi kumtoka mdomoni: "Marehemu mke wangu."

Watu wakainamisha vichwa, wakaanza kusoma. Mkadam akauweka mto chini, akakaa kitako mkekani, akapokea juzuu yake. Alisoma huku analia waziwazi, na Talib, aliyekaa ubavuni pake, akawa anamfunulia kurasa.