Shaban wa Viwili Viwili

Mwanangu Huseni nilinyang'anywa hajaota meno, na aliyeninyang'anya ni baba yake mwenyewe, Shaban, fundi cherehani wa Hamugembe. Msiniambie alishakufa, nimsamehe. Sisamehe.

Mtu yule alikuwa na ugonjwa wa vitu vya kufanana. Akishona shati hashoni moja, anashona mawili, anayalaza mezani na kuwaita wapita njia watafute tofauti. Wakiikosa, anacheka mpaka anakohoa. Wake alioa wawili, mimi Mastura hapa Hamugembe, Zabibu kule Buhembe, na alituchagua urefu mmoja kama mtu anayechagua miguu ya meza. Akinunua sufuria, mbili. Gauni, kitambaa kimoja, mshono mmoja. Kulala, leo kwangu, kesho kwake, hata inyeshe mvua ya mawe. Wenzake msikitini wakamsifu, eti mwadilifu. Sifa zikampanda kichwani.

Mwaka wa nzige nikazaa mapacha, Hasani na Huseni. Mama yangu akamfunga mmoja uzi mguuni ili tuwajue. Shaban alishinda akiwatazama, cherehani imenyamaza. Nikadhani ni furaha ya baba. Kumbe anapiga hesabu zake: Zabibu alikuwa hajazaa, na hajazaa mpaka leo. Huku wawili, kule hakuna. Siku moja akamviringisha Huseni kwenye kanga, akaondoka naye kwenda Buhembe. Nikamfuata mpaka barabarani, maziwa yananitiririka tumboni. Akasema nisiwe na tamaa, sasa kila mke ana wake. Toka siku hiyo Zabibu akawa Mama Huseni. Akiitwa hivyo sokoni mbele yangu, anaitika mara mbili.

Na huyo Shaban kuwatofautisha mapacha wake hakuweza kamwe. Wakikutana kwake anawasimamisha bega kwa bega, anawaonyesha wageni kama yale mashati. Mimi nilimjua Huseni wangu hata kwa kikohozi. Yeye alinisalimia kama anavyosalimiwa mke wa jirani.

Vijana walipoota ndevu, Shaban akaangukia cherehani yake, upande mmoja wa mwili ukafa. Ndugu zake wakataka akae nyumba moja. Nikakataa. Nikasema zamu ni zamu, amri yake mwenyewe. Basi kila jioni wanawe wanambeba kwa machela, leo Buhembe, kesho Hamugembe, majani ya migomba yanampiga usoni, mgongo umechubuka wote. Zabibu naye hakumtaka zaidi ya siku yake.

Masika yakaingia. Jioni moja machela iko mlangoni, yeye yumo, mvua inamwagika. Akanishika kwa ule mkono mzima.

"Mama Hasani, niache hapa leo. Nitafia njiani."

"Ni zamu ya Zabibu, Baba Hasani. Mimi nisiwe na tamaa."

Akalia. Nikamwinamia.

"Nitajie nani kashika mbele, ulale hapa."

Akamtazama wa mbele. Akageuza shingo kwa taabu, akamtazama wa nyuma. Maji yanamwingia machoni.

"Hasani," akasema.

Yule wa mbele hata hakugeuka.

"Mimi Huseni, baba. Wa Buhembe."

Wakamnyanyua, wakateremka naye kwenye matope. Nikarudi jikoni kutazama ndizi zangu.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu. Hakuifikia.