Sufuri ya Friji ya Mutomo

Mwanangu, siku nisiyoisahau ni ile nilipokaribia kumwagisha chanjo ya mbuzi wa Mutomo. Nilikuwa kijana, kichwa kimejaa nywele na majivuno, nikitunza kompyuta katika ofisi ya mifugo pale Kabati. Kila friji ya chanjo ilikuwa na kipimajoto kilichotutumia namba kila saa, na namba za siku nzima zilikaa pamoja kwenye hifadhidata, katika safu moja. Chanjo ile ikiganda imeharibika. Kwa hiyo kila asubuhi niliiuliza hifadhidata swali moja tu: katika safu ya kila friji, namba ndogo kabisa ni ipi?

Asubuhi hiyo friji ya Mutomo ikajibu sufuri. Mbuzi walikuwa wameanza kufa huko, na wafugaji walishaitwa waje kuchanja siku hiyo hiyo. Nikashika simu nimwambie Mwende, mtunza friji, amwage zote.

"Weka simu chini," akasema Mama Ndinda, mkubwa wangu aliyenifundisha kazi. "Umeiona safu yenyewe?"

"Nimeona jibu, mama."

"Sijakuuliza jibu. Fungua nione."

Nikafungua, tukashuka hadi penye sufuri. Tano, nne, sufuri, tano, tatu, nne.

"Hii ni friji gani inagandisha kwa muda wa saa moja tu halafu inarudi kwenye nyuzi tano? Hapo katikati kulitokea nini?"

Hapo nikajua. Kipimajoto kisipotuma kitu, programu niliyoiandika mwenyewe ilijaza sufuri, ili safu isiwe na pengo. Nilipenda kazi nadhifu, unajua, hata shati nilipiga pasi mara mbili.

Mama Ndinda akampigia Mwende. "Hebu tikisa chupa moja. Imeganda?"

"Aii, mama, ni maji tu! Lakini jana nilitoa betri ya hiyo kitu ya kupima, nikaweka ingine."

Nilicheka huku machozi yakinilenga. Nikataka kuiagiza hifadhidata iruke sufuri zote, lakini mama akanizuia. "Na siku friji ikigandisha kweli?" Basi pale nilipoweka sufuri nikarudisha pengo, kwa kuwa hifadhidata huyaruka mapengo yenyewe inapotafuta namba ndogo. Nikauliza tena. Tatu! Sijawahi kuipenda namba kama ile. Jioni Mwende akatuambia mbuzi wa mwisho amechanjwa, nami nikalala usingizi wa mtoto.

Mwanangu, usipojua, andika kwamba hujui. Usijaze pengo ili kazi ipendeze, kwa sababu atakayekuja kutafuta kilicho kidogo kabisa ataiokota hiyo sufuri yako kwanza, na ataiamini. Na kabla hujaamuru kitu kimwagwe, itazame safu nzima. Mungu akupe mtu wa kukuambia weka simu chini, na akupe moyo wa kuiweka.