Kidole Changu Kwenye Waya za Mwende

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Shule niliachia darasa la sita, nikasuka waya za fensi kwa mikono hii mpaka nikajenga nyumba ya mawe hapa Machakos, na ukipita Athi River ploti nyingi zimezungukwa na kazi yangu, kwa hivyo chekeni mkitaka, lakini aibu yangu kubwa niliipata kwa waya.

Binti yangu Mwende anasomea waya chuoni (nyembamba kuliko unywele, macho hayazioni). Siku hiyo wageni walikuja kuamua kama atalipiwa aendelee na masomo. Nilifika maabara yao mapema, suti kamili. Akanionyesha kipande cheusi, laini kama kioo, akasema kimejaa matone madogo sana ya dhahabu. Kikiwa ndani ya tanuri, mvuke wa silikoni unapita, kila tone linaunywa mpaka linashiba, na kinachozidi kinaota chini yake kuwa waya, tone likibaki juu kama kofia.

"Mwende, waya huvutwa. Haioti kama mahindi."

"Hii inaota, Baba. Tafadhali usiguse."

Akageuka kuvaa glavu. Sasa, mtu wa waya hupima mali kwa kidole gumba ajue kama zinki ya kuzuia kutu imeshika, mimi hufanya hivyo hata usingizini, nikagusa. Mara moja tu! Akarudi, akakitia ndani ya tanuri bila kujua.

Kipande kilipotoka kwa tanuri wageni walikuwa wamekaa, nami nikasimama bila kuulizwa nikawaambia huyu ni damu ya fundi, subirini muone. Mashine ya kukuza ikawashwa, na pale ukutani, kubwa kama mlango, tukaona msitu wa waya, na katikati kiraka kitupu chenye mistari ya kidole na kovu limekatiza.

Mama mmoja mgeni akanigeukia. "Mzee, hebu lete hicho kidole tukione."

Aiya! Walicheka wote. Mwende alikuwa anaangalia sakafu.

Wengine wangetoroka. Mimi nilikiinua juu. "Ni changu, na ndicho kimemlipia karo tangu nasari! Mtoto hana makosa. Pale sijagusa, waya si zimeota?"

Wakaangalia tena, wakanong'onezana, wakasema watarudi wiki ijayo waone kipande safi. Walirudi, Mwende akapita. Mimi nilingoja nje, mikono mfukoni, na humo ndani siingii tena. Wageni sikuwaomba msamaha, Mwende nilimwomba. Kipande kipya, dhahabu na gesi nililipia mimi: shilingi elfu ishirini na tatu, mia saba na hamsini.