Nusu Saa Roshani

Gyeong-suk alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kwa miaka kumi na sita hakuwahi kuingia chooni akafunga mlango. Binti yake, Sae-bom, hakuweza kuvumilia mlango uliofungwa kati yake na mama yake. Alikuwa na usonji. Maneno yake yalikuwa matatu manne tu, na akishikwa na hofu alijing'ata mkono au kumvuta mama yake nywele, hata mama akazikata fupi kama za askari.

Tangu shule ilipomrudisha nyumbani, walikuwa wawili kutwa nzima kwenye ghorofa ya saba, huko Ulsan, Korea Kusini. Dong-pil, mumewe, alikuwa akirudi kutoka kiwandani saa kumi jioni. Bibi Ha wa ghorofa ya sita alipanda kila wiki kulalamikia vishindo vya mtoto, na Gyeong-suk aliinama na kuomba radhi.

Alhamisi moja alitoka kwenda roshani kuanika shuka. Sae-bom akausukuma mlango wa kioo kwa ndani, akatia komeo. Gyeong-suk aligonga, akamwomba afungue, akamwonyesha kwa kidole namna ya kufanya. Mtoto alilitazama komeo kisha akaketi sakafuni.

Simu ilikuwa ndani. Dirisha la Bibi Ha lilikuwa wazi hapo chini. Angeita mara moja tu angesikika. Alifungua kinywa, akakifumba. Aliugeuza mtungi mtupu wa kimchi, kabichi ya kuchachushwa, akaukalia. Hakuna aliyemvuta. Ndipo alipogundua kwamba hataki kufunguliwa, na jambo hilo likamtisha kuliko komeo lenyewe.

Sae-bom alisogea, akagonga kioo mara mbili. Gyeong-suk akagonga mara mbili. Mtoto akagonga tatu, mama naye tatu, na Sae-bom akacheka. Miaka yote walimu walimwambia acheze na mtoto, naye siku zote mikono yake ilikuwa na kazi ya kumfuta, kumshika, kumzuia.

Baridi ikamkaza vidole, akaacha. Sae-bom akaanza kukigonga kioo kwa kipaji cha uso.

"Bibi Ha!" Gyeong-suk alipiga kelele, akaitaja namba ya kufungulia mlango wa nyumba yake, mtaa mzima ukaisikia.

Bibi kizee alifika akihema, akamzunguka mtoto kwa mbali, akafungua komeo. Sae-bom akamkamata mama yake ukosi, hakumwachia.

"Umekaa hapo nje muda gani, Mama Sae-bom?"

"Kama nusu saa."

"Na mimi nipo hapo chini tu. Mbona hukuniita?"

Gyeong-suk alitaka kuinama kama kawaida, lakini alikuwa ameshikwa shingo.

"Nilikuwa napumzika, bibi."

Bibi Ha aliokota shuka lililoanguka, akalikunja.

Jioni Dong-pil aling'oa komeo kwa bisibisi, na mkewe akamshikia skrubu.

Wiki iliyofuata Bibi Ha alipanda na sahani ya viazi vitamu, akasema atakaa na mtoto dakika kumi, mama akazunguke. Gyeong-suk alivaa koti, akashuka ngazi. Alipofika ghorofa ya tatu alisikia mayowe ya Sae-bom kutoka juu. Alisimama, mkono juu ya reli ya ngazi, akahesabu hadi ishirini. Kisha akapanda.