Mota Kubwa Chini ya Kiti cha Mkwe

Msinicheke kabla sijamaliza, maana hata leo nikikumbuka siku ile najifunika blanketi mpaka kichwani.

Miaka ya sabini ikielekea mwisho, mwanangu aliyesoma Ulaya alimletea binti yake Kerubo gari dogo la kuchezea, linaloongozwa kwa mawimbi kama ya redio: unashika kisanduku mkononi, gari liko kule linakwenda lenyewe (kijiji kizima hakuna aliyekuwa nalo, na nilihakikisha kila mtu anajua). Kerubo alilicheza kidogo, mimi nyanya yake nikalicheza mpaka mota ikaungua.

Sasa wakwe walikuwa wanakuja kutoka Nyansiongo kuzungumza habari ya ng'ombe wa mahari ya Moraa, kitinda mimba wangu, nami nikaapa lazima walikute gari linatembea. Nikaenda Keumbu kwa fundi wa redio, akaniwekea mota mbili mezani, moja ndogo kama ile iliyoungua, nyingine nene kama ngumi, imetoka kwenye feni ya gari la kubeba watu.

"Omong'ina, mama mzee, chukua hii ndogo."

"Unaniona mimi mtu wa vitu vidogo?"

"Haya, lakini usirudi kunigombeza."

Nyumbani ile nene ikakataa kuingia. Nikakata tumbo la gari kwa kisu cha mboga, nikaibana mota kwa mpira wa baiskeli mpaka meno ya gia yakaumana, nikaunganisha nyaya bila kuangalia ipi ni ipi (waya ni waya, nilijiambia), na kabla sijajaribu wageni wakabisha hodi.

Wakanywa chai, wazee wakaanza kuzungumza taratibu, ng'ombe bado hawajatajwa, mimi nikashindwa kungoja. Nikaliweka gari sakafuni likiangalia mlango, nikabonyeza liende mbele. Likaruka nyuma! Nikaachilia, halisimami (kumbe mota kubwa ilivuta umeme mwingi mpaka vyuma vya swichi vikagandana), likapita chini ya meza, likaingia chini ya kiti cha bwana harusi mwenyewe, gurudumu likauma pindo la suruali yake na kuanza kuikunja kwenda juu.

Sasa jueni kwetu mama mkwe na mkwe ni ensoni, ni heshima kali, hata mkono hatupeani. Na mimi nikafanya nini? Nikajitupa chini ya kiti, nikaukumbatia mguu wake kwa mikono miwili!

"Baba, ananishika!" kijana akapiga kelele.

"Tulia, nakuokoa!" nikajibu nikiwa huko chini.

Nikalivuta gari mpaka suruali ikachanika gotini na nyaya zikang'oka, ndipo likasimama. Mume wangu akafunika uso kwa kofia. Moraa akakimbilia jikoni akilia kwamba nimemvunjia ndoa, na wageni wakatoka nje wote, kijana akitembea mguu mmoja suruali ndefu, mmoja kaptula. Wakakaa kwenye migomba wakinong'ona mpaka chai ikapoa. Mwishowe baba wa kijana akarudi, akaongea akiangalia ukuta:

"Mwambieni mama Moraa atoe mbuzi wa kuondoa aibu, na suruali. Msichana tunamtaka. Ila siku ya harusi, huyu mama akae mbali na miguu ya watu."

Nilitoa mbuzi, nikatoa suruali. Harusini niliketi nyuma kabisa, mikono mapajani, na tangu hapo mashine yoyote ikiharibika kwangu naiacha ikae imekufa kwa amani.