Kijiji cha Karafuu Nilichokionea Wivu

Nilimwonea wivu mwanamke mmoja kwa ajili ya kijiji chake. Hakuwa tajiri, hakuwa na mume, na chumba alichopanga kilikuwa kidogo kuliko jiko langu. Tulifanya kazi pamoja Walthamstow, katika nyumba ya kutunzia wazee. Tuliosha migongo na kubadilisha mashuka, na mshahara wetu ulikuwa mmoja. Alichonizidi ni kijiji.

Mimi ni mtu wa Pemba. Niliondoka na wazazi wangu miaka michache baada ya Mapinduzi, nikiwa na umri wa miaka minane, na wakati huo shamba letu la mikarafuu lilikuwa limeshachukuliwa na kugawiwa watu wengine. Baba alifia London bila ya kulitaja tena. Mama naye hakulitaja. Nikimuuliza jambo la kule, alikuwa akiniambia, "Yamepita hayo," kisha anaendelea kukuna nazi yake. Kwa hiyo nilijitengenezea Pemba yangu kwa vipande vichache nilivyovikumbuka: udongo mwekundu, majamvi yaliyotandazwa uani, mikono ya shangazi yangu iliyokuwa ikinukia karafuu hata akitoka kuoga. Nilijivuna navyo. Wanangu, ambao wamezaliwa hapa na hunijibu kwa Kiingereza kila nikiwasemesha Kiswahili, walijua jambo moja tu kuhusu kwetu: kwamba karafuu ya dunia nzima asili yake ni Pemba.

Basi siku moja, miaka ya themanini ilipokuwa inakwisha, nilikuwa nachemsha chai katika jiko la wafanyakazi. Yule mwenzangu alikuwa na wiki mbili tu kazini. Nilijua anatoka Indonesia na kwamba ni Mwislamu, maana tulikuwa tukipishana kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kila mmoja na mswala wake. Alichungulia sufuria yangu, akachota karafuu moja kwa kijiko, akaigeuza.

"Hii haina kichwa," alisema. "Imevunjika. Kwetu karafuu kama hii hatuitii kwenye chai."

Nilimwambia mimi natoka Pemba na sihitaji kufundishwa karafuu.

"Pemba!" Uso wake ulifunguka kwa furaha ya kweli. "Baba yangu anaijua Pemba. Zamani watu wa Java walikuwa wakinunua karafuu zenu kwa ajili ya sigara zao za karafuu. Siku hizi hawanunui, tumepanda za kutosha wenyewe. Lakini zenu zilitoka kwetu mwanzo. Babu wa mikarafuu yenu wako visiwani kwetu."

Alisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniudhi. Jumamosi ile nilipotoka sokoni niliingia maktaba na mifuko yangu ya mboga, nikaomba kitabu kikubwa cha mimea. Kilisema alivyosema yeye. Karafuu ilianzia visiwa vya Maluku, ikahamishwa na Wafaransa, ikafika Unguja na Pemba wakati dunia nzima imeshazoea kuila. Nikafungua ramani. Nilikiona kisiwa chao kikubwa, Halmahera, chenye umbo la buibui aliyekanyagwa, nikatafuta kijiji chake kwa jina nililokumbuka akilitamka. Hakikuwemo. Nilifurahi mpaka nikajionea haya.

Lakini yeye hakuwa na haja ya ramani. Alikuwa nacho kichwani chote, na kila tulipokaa kupumzika alikitoa. Kijiji kilikuwa kwenye mteremko wa mlima unaotoa moshi, na mchanga wa pwani yake ulikuwa mweusi kama unga wa mkaa. Nyumba zilikuwa hamsini, pengine sitini. Mkate wao ulikuwa wa unga unaokunwa ndani ya shina la msago, mti wa jamii ya mnazi, nao mgumu kama kigae, wakiuchovya kwenye mchuzi wa samaki. Msimu wa karafuu ukifika, waliegemeza ngazi za mianzi kwenye mikarafuu na kuzifunga kwa kamba pande nne, na karafuu waliianika kwa majamvi juu ya barabara ya lami, kwa kuwa lami ndiyo yenye joto. Magari yalipita polepole, matairi huku na huku ya majamvi, na dereva akikanyaga hata konzi moja alishuka kuomba radhi. Mlima ukikohoa, ndivyo alivyosema, majivu yalianguka, na watu wote walikimbia na maturubai kuzifunika karafuu kabla ya kujifunika wenyewe.

Alikuwa na picha tatu. Katika ya pili baba yake amesimama chini ya mkarafuu, mkono ameuweka juu ya shina kama mtu aliyemshika bega rafiki yake. Niliitazama picha ile kupita kiasi. Baba yangu mimi sina picha yake na mti wowote.

Nyumbani nilimlalamikia mama. Nilimwambia kuna mwanamke kazini hana maneno isipokuwa karafuu, karafuu, karafuu, mpaka nimechoka naye. Mama, ambaye katika miaka yote ya London hakuwahi kuniambia nimletee mgeni, aliweka mbuzi ya kukunia nazi pembeni.

"Mlete," alisema.

Alikuja Jumamosi. Mama alikuwa hajui Kiingereza zaidi ya "thank you" na "no sugar", na mgeni hakujua Kiswahili, kwa hiyo niliwekwa katikati. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Mgeni alipiga meza kwa kidole akasema, "Meja." Mama akashtuka: "Meza!" Wakaanza kuwindana maneno mle sebuleni kama watoto. Sabuni kwao ilikuwa sabun. Bendera, bendera. Nanasi, nanas. Dunia ilikuwa dunia ileile. Kila neno walilolipata mama alipiga makofi. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu akipiga makofi.

Kisha mama akaanza kuuliza. Wanachambua vikonyo kwa kiganja au kwa vidole? Mvua ikiwashika na karafuu bado mbichi, wanafanyaje? Wanawake wanapanda mitini? Mgeni alijibu, nami nilitafsiri, na baada ya kila jibu mama alisema, "Na sisi," au, "Sisi sivyo," na hapo alieleza. Alieleza alivyokuwa akipanda na kaka zake akiwa msichana wa miaka kumi na mbili, kanga ameikaza kiunoni. Alieleza mti mmoja wa babu yake ambao watoto walikatazwa kuupanda, yeye akaupanda, tawi likakatika. Akakunja mkono wa nguo na kuonyesha kovu refu kwenye kiwiko.

"Mwambie hili ndilo kovu la siku hiyo," aliniambia.

Kovu lile nilikuwa nimeliona maisha yangu yote. Nilidhani ni la pasi. Niligeuka na kumweleza mgeni kwa Kiingereza habari ya mama yangu mzazi ambayo nilikuwa nimeisikia dakika ileile, sawasawa na yeye.

Alikuja Jumamosi ya pili, na ya tatu, na ya nne. Mama alianza kumwita mwanangu. Yeye alimwita mama Ibu, akanieleza kwamba kwao ndiyo mama. Nikawa sebuleni kwangu kama mkalimani wa mahakamani, napokea huku natoa kule, na yaliyokuwa yakipita mdomoni mwangu ni shamba letu: lilianzia wapi na kuishia wapi, kisima chake, jiwe la mpakani, bibi yangu alivyokuwa akiimba akichambua. Mengi kati ya hayo nilitamani kuyaomba miaka ishirini. Sasa mama alikuwa akimpa mwanamke mwenye shamba lake, mwenye baba yake, mwenye mlima wake unaokohoa.

Jumamosi ya nne, mgeni akiwa amesimama mlangoni anavaa koti, mama alisema kutoka kwenye kiti chake, "Mwambie safari hii aje Ijumaa, baada ya sala. Nitampikia chakula cha kwetu hasa, si biskuti hizi."

Mgeni alinitazama akingoja. Nikamwambia kwa Kiingereza, "Mama anasema amechoka kidogo. Anaomba usije kwa muda, mpaka apate nafuu."

Alimtazama mama, ambaye alikuwa akimpungia mkono na kutabasamu. Akanitazama mimi. Akasema, "Sawa," akashuka ngazi.

Zilinibaki siku sita za kurekebisha, na sikurekebisha. Kazini nilibadilisha shifti ili tusikutane. Ijumaa nilikuwa na mapumziko, na nilimkuta mama jikoni tangu asubuhi. Alichambua mchele punje kwa punje. Alikaanga pweza niliyetumwa kumnunua sokoni, akakamua tui la kwanza na la pili, akaosha sahani za maua ambazo hatuzitumii hata Idi. Nilisimama mlangoni nikiona yote hayo, nikijua mgeni haji, na nilichofanya ni kumuuliza kama ananihitaji nikate kitunguu.

"Kata," alisema. "Kata vyembamba. Huyu mtu anajua kula."

Sala ikapita. Mama akavaa kanga mpya na kukaa karibu na dirisha. Nusu saa ikapita. Nilikuwa nimeshaandaa uwongo mwingine, wa homa, wakati kengele ilipolia.

Alikuwa yeye. Amebeba kifurushi cha gazeti na amevaa shungi ambalo sikuwahi kumwona nalo kazini. Hakuingia mara moja.

"Mama yako alisema Ijumaa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Sisi tunasema Jumat. Nililisikia vizuri. Nilisema moyoni, nitakwenda. Kama kweli amechoka, nitaacha hiki mlangoni nirudi."

Nilisogea pembeni akapita, na mama akapaza sauti, "Mwanangu, umechelewa!" kana kwamba yule mtu angeelewa, na nadhani alielewa.

Walikula, nami nikala nao, na nilitafsiri kila neno kama lilivyo. Ndani ya kifurushi mlikuwa na karafuu za baba yake, nzima, zenye vichwa. Mama alizinusa akafumba macho muda mrefu.

Baadaye tulipokuwa tukiosha vyombo, nilimwambia. "Nilikudanganya. Nilikuonea wivu."

"Wivu wa nini?"

"Una kijiji. Unaweza kukata tiketi kesho ukakikuta palepale."

Alifuta sahani moja mpaka ikakauka kabisa, akaendelea kuifuta. "Mama yangu alikufa mwaka wangu wa kwanza hapa," alisema. "Nilikuwa namwogesha mama wa mtu mwingine nilipoitwa kwenye simu. Unadhani nakuja huku kila Jumamosi kwa ajili ya biskuti? Mimi nami nakuonea wivu. Nyinyi wawili mnaishi nyumba moja na hamzungumzi."

Maneno hayo yaliniingia, na nilimwomba radhi kwa dhati. Lakini nitasema kweli: wivu haukuondoka. Aliendelea kuja mwaka mzima, nami niliendelea kutafsiri kwa uaminifu na kuumia kwa uaminifu uleule. Bei ya karafuu kwao ilipoporomoka na akatuambia majirani wa baba yake wanakata mikarafuu yao na kuifanya kuni, mama alilia. Mimi nilisikitika pia, lakini kwanza, kabla ya kusikitika, nilihisi kitu kingine, na sitaki kukiita jina.

Baba yake alipougua, mwenzangu aliamua kurudi kwao moja kwa moja. Mama, ambaye safari zake zote zilikuwa hospitali na sokoni, alisema ataandamana naye mpaka Heathrow, na hakuna aliyeweza kumzuia. Pale penye kizuizi ambapo wasiosafiri hawapiti, alimshika mikono yote miwili akaanza kumwambia maneno kwa Kiswahili, mengi, polepole. Nikafungua mdomo.

"Acha," mama alisema bila ya kunitazama. "Haya usiyatafsiri."

Mwenzangu alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akambusu mama mkono na kwenda zake.

Kwenye treni ya kurudi tulikaa bega kwa bega. Vituo viwili vitatu vilipita. Mwisho nikauliza nililokuwa nimelimeza tangu Jumamosi ile ya kwanza.

"Mama, kwa nini yeye? Kwa nini si mimi?"

Alifikiri kwanza. "Yule nikimweleza, anasikiliza, kisha anarudi kwake na roho yake nzima. Wewe ningekueleza ungelitaka shamba. Na shamba halipo. Ningekupa nini?"

"Ungenipa habari zake."

Treni ikaingia ardhini, kelele zikazidi, na ikambidi mama aniinamie sikioni. "Basi uliza," alisema.

Niliuliza kisima kilikuwa upande gani. Alinijibu. Nikauliza jiwe la mpakani, nalo akanieleza, na tulipobadilisha treni alikuwa bado anaeleza, ameushika mkono wangu asianguke kwenye ngazi za umeme. Karibu yote aliyoyasema nilikuwa nayajua tayari. Nilishayatia Kiingereza kwa ajili ya mtu mwingine. Nilimsikiliza hivyo hivyo mpaka Walthamstow, na hata nilipokuwa nikitafuta ufunguo wa mlango nilikuwa najiuliza ni maneno gani aliyomwambia mwenzangu pale uwanja wa ndege. Sikuwahi kumuuliza. Mama sasa amekwishafariki, na maneno yale amebaki nayo mwenzangu peke yake, kule kijijini kwake, kwa lugha asiyoielewa.