Kata ya Kwanza

Harufu ya ndizi zilizoivishwa shimoni humfikia mtu kabla hajaiona nyumba. Kwetu Murusagamba shimo lilikuwa nyuma ya jiko. Ndizi zilifunikwa kwa majani ya mgomba na udongo, moto ukawashwa pembeni ili moshi uingie ndani, na zilipofukuliwa zilikuwa za njano, laini, zenye utamu uliochanganyika na moshi. Zilimenywa zikatiwa kwenye gogo lililochongwa kama mtumbwi, kisha mtu aliyeosha miguu vizuri akazikanyaga pamoja na nyasi mpaka juisi ikatoka. Kabla juisi haijachachushwa kuwa pombe, aliyekamua alichotewa kata ya kwanza. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa na mjadala. Naanza nalo kwa sababu bila hilo wivu wangu utaonekana wa kijinga.

Evarist alifika na mama yake wakati watu walipokuwa wakimiminika kutoka Burundi. Wengi walikwenda kambini, lakini hao wawili mama aliwapa chumba cha nyuma. Mdogo wake, ambaye kwangu ni mama mdogo Yustina, alikuwa ameolewa ng'ambo ile na hatukuwa na habari zake. Nadhani mama alitumaini kwamba na yeye amepata mtu wa kumpokea mahali fulani. Evarist alikuwa wa umri wangu, mwembamba, mvivu wa jembe na hodari wa kuongea. Leo ni mwongozaji wa filamu anayejulikana mbali sana na hapa. Mimi nina studio ya picha Ngara mjini: picha za pasipoti, za harusi, za kipaimara. Ninachojua kuhusu kamera nimejifunza mwenyewe vitabuni, na filamu zake nimezitazama zote, kila moja zaidi ya mara moja, nikitafuta kosa.

Sinema yetu ya kwanza ilikuwa boksi lililobebewa makopo ya mafuta ya msaada. Tulilitoboa dirisha mbele, tukapitisha vijiti viwili, na kati yake tukaviringisha ukanda wa karatasi za mifuko ya saruji iliyotupwa pale misheni, tukiziunganisha kwa uji mzito wa muhogo. Mimi nilichora kwa mkaa. Evarist alizungusha vijiti na kusimulia. Nilichora malori niliyoyaona Rusumo nilipokwenda na baba, kila gurudumu mahali pake, hata kamba za turubai. Kisha mwenzangu akapima kipande kirefu cha karatasi kwa mkono.

"Hapa usichore kitu."

"Karatasi yenyewe ya kuokoteza, wewe unataka iende bure?"

"Haiendi bure. Watu watasubiri."

"Watasubiri nini?"

"Baada ya hapo chora mwanamke. Ana chungu kichwani, anaangalia nyuma. Mengine niachie."

Nilimchora mwanamke huyo kwa siku nzima. Niliifuta shingo yake mara nyingi, mpaka ikageuka kama shingo ya mtu inavyogeuka akiwa na mzigo: kidogo tu, macho yakitangulia kichwa.

Tulionyesha siku ya kukamua. Mimi ndiye niliyekanyaga asubuhi ile, mpaka visigino vikauma. Watoto wa jirani waliketi kwenye nyasi, mama akiwa nyuma yao na kata mkononi. Malori yalipopita, mmoja akapiga kelele, "Gari gani hilo, limenona kama ng'ombe wa padri!" Wote wakacheka, na mimi masikio yakaniwaka. Ikaja karatasi tupu. Evarist akanyamaza, akazungusha polepole. Hakuna aliyecheka. Yule aliyetaja ng'ombe akauliza kwa sauti ndogo, "Wamekwenda wapi?" Mwanamke mwenye chungu alipotokea dirishani, mama alifunika mdomo kwa khanga, mabega yakamtikisika. Kisha akainuka, akachota juisi, akampelekea Evarist.

"Kunywa, mwanangu."

Nilisimama pale, miguu yangu bado inanata juisi, nikamwangalia akinywa yote bila kupumzika. Mimi nilipewa ya pili.

Baadaye walirudi kwao, na miaka ikapita kabla sijaliona jina lake kwenye filamu. Kila filamu yake ina mahali ambapo picha inabaki tupu na sauti inakoma. Wajuzi wanasifu ujasiri wake. Mimi nasikia vijiti vikizunguka.

Majuzi nilikuwa kwa mama, redio ikiwa mezani, tukasikia anahojiwa. Aliulizwa alijifunzia wapi kazi. Akasema ni kwa mama mmoja wa Murusagamba aliyempa kata ya kwanza. Mama, ambaye sasa macho yake yamefifia, akatabasamu.

"Evarist huyo. Alikuwa anakamua ndizi vizuri."

"Nilikamua mimi, mama."

"Wewe? Wewe ulikuwa unachora. Yule mwanamke alikuwa Yustina kabisa. Ile shingo. Nililia kwa sababu yake."

"Kumbe ulijua nimechora mimi?"

"Nani mwingine? Yule mtoto hakujua kuchora hata kuku."

"Mbona kata ulimpa yeye?"

"Alikuwa mgeni, baba. Wewe ulikuwa wa nyumbani, ungekunywa tu."

Jibu hilo lingemtosha mtu mwema. Zamani nilitaka kata moja ya juisi. Leo nina studio, kamera, wateja wa kutosha, na mama amekiri mbele yangu kwamba machozi yale yalikuwa ya kwangu. Niliinuka, nikaizima redio. Nikakaa. Kisha nikaiwasha tena na kuongeza sauti, kwa sababu mahojiano yalikuwa hayajaisha, na huenda angemtaja aliyemchorea.